Pikapu ya doria haivuti: tafuta chanzo kabla ya kufumua injini

Saa tatu usiku simu inaingia kutoka kijiji cha mpakani mwa Pori la Akiba Swagaswaga: mbwa wanabweka korongoni, tochi mbili zinamulika vichakani, pikipiki imepita bila taa. Askari wanapanda pikapu. Kwenye mwinuko wa kwanza gari linadai gia ya tatu, halafu ya pili. Injini inalia kama mashine ya kusaga, na usiku wa kiangazi sauti hiyo inafika mbali. Tochi zinazimwa. Mkifika mnakuta manyoya ya digidigi na moto uliofukiwa mchanga.

Kesho yake hukumu inatoka: injini imechoka, ifumuliwe. Hukumu hiyo ni ya mamilioni, na mara nyingi kosa liko kwenye kitu cha shilingi elfu chache, au hata kwenye kitu kisichonunuliwa. Yafuatayo yanahusu pikapu zilizozoeleka kwenye doria kuanzia Kondoa na Chemba hadi Manyoni, Itigi na Mtera: Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, Hilux za zamani zenye 2L, 3L au 5L, na Hilux za turbo zenye 2KD au 1KD. Fuateni mpangilio. Vitu vya bure vimetangulia, vya gharama viko mwisho.

Gari lilitakiwa kuvuta kiasi gani?

1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada), na ikiwa mpya hutoa kama nguvu farasi 130 usawa wa bahari. Dodoma mjini ni kama mita 1,100 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, maana hewa inakuwa nyepesi. Zile 130 zinabaki kama 115 hata kabla hujawasha taa. 5L, ambayo ni ya lita 3.0 na ina kama nguvu farasi 95, inashuka hadi karibu 85. Dereva aliyeletwa kutoka Dar es Salaam akilalamika kwamba gari limelegea tangu lifike Kondoa, hajakosea, na hakuna fundi wa kurekebisha jambo hilo. Injini za turbo haziumii hivyo, kwa sababu turbo inaifidia hewa iliyopungua.

Sasa pimeni mzigo, kwa kalamu. Askari 8 na silaha zao na mabegi, kilo 85 kila mmoja: 680. Madumu 5 ya maji ya lita 20: 100. Pipa la dizeli la lita 200: dizeli kama kilo 170, pipa lenyewe kama 20. Hema, sufuria, unga na maharage: 80. Tairi la pili la akiba, jeki ndefu, koleo, kamba: 60. Jumla kilo 1,110, na hapo hamjampakia mtuhumiwa na baiskeli yake ya ushahidi. Hilux ya milango minne imetengenezwa kubeba takriban tani moja au pungufu. Pikapu ya namna hiyo si mgonjwa, ni punda aliyezidishiwa. Acheni pipa kambini mbebe madumu mawili ya dizeli, na mlima uleule mtaupanda kwa urahisi zaidi.

Halafu angalieni matairi. Ni kawaida kukuta Hilux iliyotoka kiwandani na tairi za 205R16 imevalishwa 7.50R16 ili iwe juu ya mawe. Tairi la kwanza lina kipenyo cha kama sentimita 73, la pili kama 80. Ongezeko hilo la karibu asilimia 10 linafanya kila gia iwe ndefu zaidi kwa asilimia 10, na nguvu ya kuvuta inapungua kwa kiasi hichohicho. Alama yake: gari linasoma kilomita 60 kwa saa wakati GPS inasema 66. Na kama malalamiko ni ya kwenye mchanga tu, kwenye mito mikavu ya upande wa Bahi na Mtera, msiguse injini kabisa. Shusheni upepo wa tairi hadi psi 20, mkitoka mchangani mjaze tena. Tairi laini kwenye changarawe linakula nguvu na linapasuka ubavuni.

Linaanza vizuri, linakata nguvu mlimani, likipumzika linarudi

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote huku kati, na chanzo chake karibu kila mara ni dizeli isiyofika kwa kiasi kinachotakiwa. Kwenye tambarare injini inatumia kidogo na kinachopita kinatosha. Mlimani inadai zaidi, njia ni nyembamba, nguvu inakatika bila moshi mweusi. Ukisimama dakika tano mafuta yanajikusanya tena, gari linapona, dereva anaondoka akidhani limejirekebisha.

Anzeni na kizibo cha tangi. Tangi linahitaji kuvuta hewa kadiri mafuta yanavyopungua, na kile kitundu kidogo cha kizibo huzibwa na vumbi lililoshikana na dizeli. Gari likikata nguvu, simameni mfungue kizibo palepale. Mkisikia tangi likivuta pumzi kwa nguvu, mmepata jibu. Funikeni mdomo wa tangi kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa mpira mfike kambini, kisha osheni kizibo kwa dizeli safi au nunueni kingine.

Kama si kizibo, nendeni kwenye filta ya dizeli. Legezeni kizibo cha kutolea maji kilicho chini yake mizunguko miwili, pigeni pampu ya mkono iliyo juu ya filta, na kinga kinachotoka kwa chupa ya maji iliyo angavu. Iacheni chupa itulie dakika 10. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na mpaka kati yao utauona wazi kama uzi. Maji kidogo kwenye kitako cha chupa ni ya kawaida kipindi cha mvua. Yakifika robo ya chupa, tatizo lenu ni pipa.

Pipa la kambini linaharibu pampu nyingi kuliko barabara mbovu. Likisimama wima nje, mvua inajaa kwenye ule mfuniko wa juu wenye kingo. Mchana jua linapasha pipa, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kwenye uzi wa kizibo. Usiku pipa linapoa na linavuta kilichoko juu yake, yaani maji. Halihitaji kutoboka. Lilazeni ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja kulia na kushoto ili mafuta yavifunike kwa ndani, au kama lazima lisimame, liinamisheni kwa kipande cha mti upande mmoja ili maji ya mvua yakusanyike mbali na vizibo. Kabla ya kujaza gari, pipa litulie usiku mzima bila kusogezwa, na bomba la kuvutia lisimame sentimita 10 juu ya kitako. Zile lita za mwisho hazitiwi kwenye gari. Zinafaa kuoshea vyuma.

Badilisheni filta, kisha kateni ile ya zamani kwa msumeno mwangalie karatasi. Nyeusi na laini ni uchafu wa muda mrefu. Utelezi kama kamasi maana yake kuna vijidudu vinavyoota pale maji yanapokutana na dizeli, na tangi zima linahitaji kushushwa na kuoshwa. Vumbi la kutu linatoka ndani ya pipa au tangi.

Filta mpya haijasaidia? Fanyeni jaribio la dumu. Chukueni dumu safi la lita 5 lenye dizeli ya kuaminika, lifungeni juu ya boneti au mlishike usawa wa kioo, pitisheni mpira kutoka kwenye dumu hadi kwenye mdomo wa kuingilia filta, toeni hewa kwa pampu ya mkono, mpande mlima uleule. Gari likipanda kama zamani, kosa liko nyuma ya filta: chujio la ndani ya tangi, bomba lililobonyezwa na jiwe, au mpira uliozeeka ambao kwa nje ni mzima lakini ukivutwa unajikunja kwa ndani. Gari likibaki dhaifu, kosa liko mbele, kwenye pampu au nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Jaribio hili la nusu saa linaokoa safari ya kwenda mjini. Ni la injini za pampu ya zamani tu, msilifanye kwenye 2KD au 1KD.

Hewa inayoingia kwenye mabomba inaonekana kwa kufunga kipande cha mpira angavu, sentimita 20, kati ya filta na pampu. Injini ikinguruma, mapovu yanayopita mfululizo yanasema kuna kiungo kinachovuta hewa. Kiungo kama hicho mara nyingi hakivuji dizeli nje, kwa sababu upande huo unavuta, hausukumi. Ndiyo maana fundi anayetafuta sehemu yenye unyevu haipati.

Kuna pia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri. Dumu la kando ya njia halina anayelihakikisha. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi, na pampu ya 1HZ na ya injini za L (2L, 3L, 5L) inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, haina oili nyingine. Pampu ikishalika, gari linawaka asubuhi bila shida, lakini likipata moto na kuzimwa haliwaki tena. Kwa askari waliozima gari kusikiliza pori, hilo ni balaa. Pima hivi: likigoma, lowesha kitambaa kwa maji, kifunike pampu dakika 10, ujaribu tena. Likiwaka, pampu imelika ndani. Peleka kwa fundi pampu mwenye benchi ya kupimia, si kwa fundi wa kuongeza skrubu ya mafuta. Skrubu hiyo inaongeza moshi mweusi na joto, na nguvu unayoipata ni ya mkopo.

Halina nguvu, na moshi ni mweusi

Hapa dizeli ipo, hewa ndiyo haitoshi. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi la huku ni laini kama unga wa sembe, na gari la pili kwenye msafara linakula vumbi la gari la kwanza.

Fungueni filta ya hewa kila jioni ya siku yenye vumbi. Upulizaji wa hewa uwe kutoka ndani kwenda nje, usizidi psi 30, ncha ya bomba ikae mbali kidogo na karatasi. Kupigapiga filta kwenye tairi, tabia iliyoenea kila gereji, kunapinda ule mfuniko wa chuma na kuchana karatasi mahali usipopaona. Ingizeni tochi ndani ya filta gizani na mwangalie kwa nje: mwanga ukitokea kama sindano, karatasi imetoboka. Itupeni. Baada ya kupulizwa mara tano au sita filta haina maisha tena, hata kama inaonekana safi.

Kipimo muhimu zaidi hakihitaji kifaa. Pitisheni kidole ndani ya bomba lililo baada ya filta, upande wa injini. Kidole kikitoka na vumbi, injini inakula mchanga, na miezi michache mbele ringi na silinda zitakuwa zimekwisha. Sababu huwa klipu iliyolegea, mpira uliopasuka kwenye mikunjo yake ya chini, au kile kimpira cha kutolea vumbi kilichodondoka chini ya boksi la filta. Kiungo cha snokeli, lile bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu, pale inapoingia kwenye ubavu wa gari nacho kikaguliwe, hasa kama gari limepita vichaka vya Itigi. Vijiti vya huko vinang'oa kila kinachochomoza.

Kwa zenye turbo, moshi mweusi pamoja na sauti ya kupuliza unapokanyaga mafuta ni mpira wa kwenda intakula (kipoza hewa ya turbo) uliochomoka au kupasuka. Pakeni povu la sabuni, mtu akanyage resi, mapovu yatawaonyesha. Oili kidogo ndani ya mpira si ugonjwa.

Na msisahau ekzosi. Bomba lililogonga jiwe likabonyea nusu linakaba injini kama kitambaa puani. Lililotoboka halipunguzi nguvu sana, ila linatangaza doria yenu kijiji kizima. Yote mawili ni kazi ya mchomeleaji wa kawaida.

Hakuna moshi wowote, pedali imefika chini

Mtu mmoja akanyage pedali hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, mwingine aangalie mkono wa pampu kama unagusa skrubu ya kikomo. Kama kuna nafasi hata ya unene wa kidole, waya wa akseleta umelegea, au, jambo la aibu kidogo, zulia nene la sakafuni linaizuia pedali. Wapo waliobadilisha nozeli kwa sababu ya zulia.

Taa ya injini inawaka, gari halizidi resi 2,500

Hii ni ya 2KD na 1KD. Kompyuta imegundua kasoro na imejizuia makusudi. Someni namba kwa mashine kabla ya kufungua chochote, na muiandike kabla ya kuifuta. P0087 ni shinikizo dogo la dizeli kwenye reli, bomba la pamoja linalolisha nozeli: anzeni na filta na maji, kisha valvu ya kudhibiti ulaji iliyo kwenye pampu. P1229 nayo inaelekeza kwenye mfumo wa pampu na valvu hiyohiyo. P0299 ni turbo isiyojaza, rudini kwenye mipira ya hewa. Msilegeze bomba la nozeli injini ikiwa inanguruma kama mlivyozoea kwenye 3L. Shinikizo humo linaweza kuzidi bar 1,000, na mchirizi mwembamba unaingia kwenye ngozi ya mkono na kupita.

Injini hizi zina ugonjwa mwingine unaoua kimyakimya. Washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, gesi ya moto inachoma oili, masizi yanashuka sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la kuvutia oili. Dalili ya mwanzo ni oili inayokuwa nzito na yenye masizi magumu mapema, na harufu ya moshi karibu na nozeli. Mkikuta hayo, sampu ishushwe na chujio liangaliwe kabla injini haijakosa oili mlimani.

Injini inapanda resi, gari halipandi

Klachi. Pandisha hendibreki, ingiza gia ya nne, toa klachi taratibu huku ukikanyaga mafuta kidogo. Injini inatakiwa kuzima mara moja. Ikiendelea kunguruma, klachi pleti inateleza. Usirudie jaribio, kila mara linaichoma zaidi. Wanaobadilisha pleti peke yake na kuacha presha pleti iliyochoka hurudi gereji kabla ya msimu kwisha.

Gari zito kila mahali, hata kwenye mteremko

Endesha kilomita 10 bila kushika breki sana, simama, gusa kila rimu kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki ya hapo inashika. Matope ya mbuga za Bahi yakikauka ndani ya ngoma za nyuma yanakuwa kama saruji, na waya wa hendibreki ulioingiwa na mchanga haurudi. Nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono, safisha, paka grisi.

Hapohapo chini angalieni propela shafti. Nyasi na waya hujizungusha kwenye viungo na kukata sili. Waya za mitego mlizokusanya msizitupe ovyo kwenye bodi, na mkipita njia ya wanyama yenye mitego, mtu ashuke atangulie.

Joto linapanda kabla ya nguvu kukata

Gari likiacha barabara kufuata nyayo, mbegu za nyasi zinajaa kwenye rejeta hadi hewa haipiti. Kwa mbele inaonekana safi. Mbegu zimekaa kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Fungeni wavu wa mbu mbele ya grili, mziondoe mbegu kwa maji au hewa kutoka upande wa injini. Angalieni pia nyasi zilizojibana juu ya ekzosi kabla ya kuegesha. Pori limeshawaka kwa njia hiyo, na moto wa Septemba hauzimwi kwa koleo.

Moshi wa buluu au mweupe usioisha

Sasa ndipo mnapoweza kuanza kuifikiria injini yenyewe. Kwanza mkanda wa taimingi. Kwenye 1HZ unabadilishwa kila kilomita 100,000, na taa yake kwenye dashibodi si pambo. Ukiruka jino moja gari linakuwa zito na gumu kuwaka, ukikatika valvu zinagongwa. Pili, nafasi za valvu, injini ikiwa baridi: 1HZ ya kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, ya kutoa 0.35 hadi 0.45. Valvu zinazokaa kwenye viti vyake hubana nafasi hiyo polepole na kuvujisha mgandamizo bila kelele yoyote.

Mwisho pimeni mgandamizo, kila silinda. Kwa injini za L, chini ya bar 20 ni mwisho wa safari, na tofauti ya zaidi ya bar 5 kati ya silinda na silinda ni kasoro hata kama zote ziko juu ya kikomo. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili humo upime tena. Ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Sasa neno kufumua lina karatasi ya kulitetea.

Gari zima, lakini doria bado inachelewa

Kuna dalili zinazotupiwa gari wakati chanzo kiko kwingine. Hizi nazo zitafutwe vilevile.

Mnazunguka usiku kucha, hamuoni mtu, na asubuhi mitego ni mingi. Chanzo: doria inafanywa mkiwa mmekaa garini. Mtegaji anajua pikapu inapita njia gani, na mtego wa waya hautegwi barabarani. Uko kwenye vijia vya kwenda majini, mara nyingi kwenye mwanya ulioachwa makusudi kati ya matawi ya miiba. Shusheni askari wanne kilomita 3 kabla ya eneo, gari liendelee bila kusimama kwa muda mrefu ili sauti yake isibadilike, kikosi kitembee. Kazi ya pikapu ni kupeleka na kuchukua. Kila mtego uliong'olewa uandikiwe mahali, aina ya waya na idadi, kisha ukatwe na kuondolewa. Waya mwembamba mweusi wa tairi lililochomwa, waya wa breki ya baiskeli na waya wa klachi ya pikipiki vinatoka mikononi mwa watu tofauti. Mkikuta mitego 40 ya waya wa aina moja, mtafuteni aliyechoma matairi.

Mnakamata watu, ujangili haupungui. Tofautisheni kitoweo na biashara. Mtu mwenye digidigi mmoja, tochi na mbwa wawili si sawa na kambi yenye vichanja vya kukaushia, kilo za chumvi na alama za pikipiki. Wote wamevunja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, lakini wa pili ana mnunuzi, na asipofikiwa mnunuzi nafasi ya aliyekamatwa inajazwa ndani ya wiki. Tangu 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori yenye leseni, kwa hiyo nyama inayouzwa bila karatasi inaweza kuulizwa swali hukohuko sokoni, pasipo mbio za porini. Na kalenda iangaliwe: baada ya mavuno mikono iko huru, maji yamebaki madimbwi machache, wanyama wamejikusanya. Miezi hiyo ndiyo ya kuweka magari yote barabarani, na ndiyo miezi vumbi linapoua filta. Vipuri vinunuliwe Mei.

Simu hazipigwi tena. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na hapa ndipo injini dhaifu inapodai gharama yake halisi. Mwanakijiji aliyepiga simu tembo wakiwa kwenye mtama wake, gari likafika asubuhi au lisifike, hatapiga tena atakapoona tochi korongoni. Kwake yeye ni pikapu ileile, na kwa kweli ni pikapu ileile. Simu ya tembo shambani ipewe uzito sawa na ya jangili. Mkifika mmechelewa, angalau shamba lipimwe siku hiyohiyo na madai ya kifuta jasho yaanzishwe kupitia ofisi ya kijiji, maana fomu isiyojazwa mapema hukwama. Na pikapu yenye nembo isiegeshwe kamwe mbele ya nyumba ya mtoa taarifa, hata kwa kuomba maji ya kunywa.

Daftari la mlima

Chagueni mwinuko mmoja karibu na kambi, wenye urefu wa mita 500 hivi. Wekeni alama ya jiwe chini na juu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, gari likiwa na watu wawili na nusu tangi, piteni jiwe la chini kwa kilomita 50 kwa saa, gia ya tatu, pedali hadi mwisho, muandike mwendo wa GPS kwenye jiwe la juu, rangi ya moshi na joto la injini. Gari zima litarudia namba ileile mwezi hadi mwezi, labda tofauti ya kilomita moja au mbili kwa sababu ya joto la mchana. Ikishuka kwa kilomita 5, fungueni kizibo cha tangi msikilize.